Umbali Mmoja, Nyakati Mbili: Safari ya Angani Baina ya Nairobi na New York

Utangulizi

Chukulia kwamba ndege imeondoka katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, saa 5:25 usiku, mwezi wa Januari. Asubuhi inayofuata, saa 12:25, ndege iyo hiyo inatua katika Uwanja wa Ndege wa John F. Kennedy, New York. Msomaji wa tiketi akiitoa saa ya kwanza katika ya pili atapata saa 7. Siku ya kurejea, ndege inaondoka New York saa 6:25 mchana na kutua Nairobi saa 4:55 asubuhi ya siku ya pili. Hesabu ile ile sasa inatoa saa 22 na nusu. Je, yawezekanaje njia moja ichukue saa 7 kwa kwenda na zaidi ya mara tatu ya muda huo kwa kurudi?

Ukweli ni kwamba majibu yote mawili si sahihi. Safari ya kwenda imechukua saa 15, na ya kurudi saa 14 na nusu. Aliyepiga hesabu hakukosea kutoa. Alikosea kudhani kwamba nyakati zilizoandikwa kwenye tiketi moja zimesomwa katika saa moja ya ukutani. Makala haya yananuia kueleza jinsi umbali baina ya viwanja hivi viwili unavyopimwa, sababu zinazoufanya muda wa kwenda utofautiane na wa kurudi, na namna mambo hayo yanavyopaswa kuelezwa kwa Kiswahili bila kumpotosha msafiri.

Suala hili si la marubani pekee. Kwa miaka mingi wahitimu wa Kiswahili kutoka Kenya wamekuwa wakienda Marekani kusaidia kufundisha lugha hii katika vyuo vikuu vya huko. Wengine wanatafsiri ratiba, barua za mialiko na matangazo ya usafiri. Mfasiri akikosea saa kwenye ratiba, kuna mtu atakayeachwa uwanjani.

Umbali, Masafa na Mwendo

Kabla ya kuingia katika takwimu, yafaa kuyapambanua maneno matatu ambayo aghalabu huchukuliwa kuwa visawe. Umbali ni nomino dhahania iliyotokana na neno mbali. Hudokeza hali ya vitu viwili kutokuwa karibu. Masafa, lenye asili ya Kiarabu, hutumiwa zaidi pale ambapo umbali umepimwa au unaweza kupimwa. Neno hili limepanuka kimaana hata likaingia katika taaluma ya utangazaji, ndiposa redio ikasemekana kurusha matangazo katika masafa mafupi au ya kati.

Neno la tatu, mwendo, ndilo lenye utata zaidi. Limetokana na kitenzi enda na hubeba maana ya namna ya kwenda, kasi ya kwenda na hata umbali wenyewe. Mzee anaposema kwamba soko liko mwendo wa saa mbili kutoka kijijini, anapima umbali kwa kutumia muda. Kipimo hicho kinatosha maadamu msemaji na msikilizaji wanakubaliana kimyakimya kwamba safari ni ya miguu, njia ni ile ile na wasafiri ni wa siha ya kawaida. Katika usafiri wa angani makubaliano hayo hayapo. Kusema kwamba New York iko mwendo wa saa 15 kutoka Nairobi ni kusema nusu ya ukweli, kwa sababu Nairobi haiko mwendo wa saa 15 kutoka New York. Umbali hauna kwenda wala kurudi; mwendo unavyo vyote viwili.

Viwanja Viwili na Historia Yake

Viwanja hivi vina uhusiano wa kihistoria unaostahili kutajwa. Uwanja wa Nairobi ulifunguliwa mwaka 1958 ukijulikana kwa jina la Embakasi. Ule wa New York ulianza kuhudumu mwaka 1948, ukijulikana sana kama Idlewild. Mwezi wa Septemba 1959, kutokana na juhudi za Tom Mboya na wafadhili wa Kimarekani, wanafunzi 81 waliondoka Afrika Mashariki kwa ndege ya kukodiwa na kutua New York ili kwenda masomoni. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya John F. Kennedy, aliyekuwa seneta wakati huo, ulichangia nauli za wanafunzi wengine. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo wa 1960 alikuwamo Wangari Maathai. Kennedy alipouawa mwaka 1963, uwanja wa Idlewild ulipewa jina lake. Uwanja wa Nairobi nao baadaye ulipewa jina la rais wa kwanza wa Kenya.

Ndege za wakati huo hazikuweza kukamilisha safari hiyo kwa mruko mmoja. Zililazimika kutua njiani kujaza mafuta, na kila kituo kiliongeza saa kadhaa. Hata baada ya miongo mingi, abiria wa Nairobi aliyekwenda New York bado alilazimika kubadilisha ndege Ulaya, Uarabuni au kwingineko barani Afrika. Safari ya moja kwa moja ya shirika la Kenya Airways ilianza tarehe 28 Oktoba 2018, baada ya Kenya kutimiza masharti ya usalama wa anga ya Marekani mwaka 2017. Ndege iliyotumika ni aina ya Boeing 787, na ilitangazwa kwamba kwenda kungechukua takriban saa 15 na kurudi takriban saa 14. Kati ya mwaka 1959 na 2018 umbali haukupungua hata kwa hatua moja. Kilichopungua ni muda.

Jinsi Umbali Unavyopimwa

Umbali wa angani kutoka Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,840. Kwa kulinganisha, kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa ndege ni takriban kilomita 420. Hivyo basi, anayekwenda New York husafiri umbali unaolingana na kwenda Mombasa na kurudi mara 14.

Takwimu hiyo haipatikani kwa kuweka rula juu ya ramani ya ukutani. Ramani ni bapa ilhali Dunia ni tufe, na chochote cha mviringo kikilazwa juu ya karatasi hupoteza sehemu ya umbo lake. Mstari ulionyooka kwenye ramani ya kawaida kutoka Nairobi hadi New York hupita juu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria na Mauritania kabla ya kuingia Bahari ya Atlantiki. Lakini mtu akichukua tufe la darasani na kuuvuta uzi kutoka mji mmoja hadi mwingine mpaka ukaze, ataona jambo tofauti. Uzi utaelekea kaskazini-magharibi, upite juu ya Uganda, Sudan Kusini, Sudan, Chad, Niger, Algeria na Moroko, ndipo uvuke bahari.

Njia ya uzi huo ni sehemu ya duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha Dunia. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote baina ya nukta mbili juu ya tufe. Rubani ambaye angefuata mstari wa ramani bapa angesafiri takriban kilomita 12,190, ikiwa ni ziada ya kilomita 350 hivi. Kwa ndege iendayo kilomita 900 kwa saa, ziada hiyo ni dakika 23, pamoja na mafuta yake.

Marubani wenyewe hawatumii kilomita bali maili ya baharini, ambayo ni sawa na kilomita 1.852. Kipimo hiki kilichaguliwa kwa sababu kinakaribiana na sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja ya mzingo wa Dunia. Kwa kipimo hicho, Nairobi na New York zimetengana kwa takriban maili 6,390.

Ikumbukwe kwamba takwimu hizi zote ni za umbali mfupi kabisa unaowezekana. Njia halisi aghalabu huwa ndefu zaidi kwa sababu ndege hufuata mapito yaliyoidhinishwa, hukwepa dhoruba, na pengine hukatazwa kupita katika anga fulani. Vita vilivyozuka nchini Sudan mwezi wa Aprili 2023 vilisababisha anga ya nchi hiyo kufungwa kwa ndege za kiraia, na safari nyingi zikalazimika kuzunguka.

Pepo za Juu na Pepo za Pwani

Kuna imani iliyoenea kwamba ndege iendayo magharibi hutumia muda tofauti kwa kuwa Dunia huzunguka chini yake. Imani hii haina msingi. Hewa huzunguka pamoja na Dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo kama samaki alivyo ndani ya maji. Lau Dunia ingekuwa inaiacha ndege nyuma, hata nzi ndani ya matatu angegonga kioo cha nyuma gari linapokwenda.

Sababu halisi ni upepo. Katika maeneo yaliyo kati ya tropiki na ncha za Dunia, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 hivi, huvuma mikondo ya upepo wenye kasi kubwa kutoka magharibi kwenda mashariki. Mikondo hiyo husababishwa na tofauti ya joto kati ya hewa ya tropiki na hewa baridi ya ncha, ikipindishwa na mzunguko wa Dunia. Mara nyingi kasi yake huzidi kilomita 100 kwa saa, na wakati wa majira ya baridi yaweza kupita 300. Karibu na ikweta pepo hizo hazipo; ndege kutoka Nairobi hukutana nazo baada ya kuivuka Sahara na hupambana nazo juu ya Atlantiki. Wakati wa kurejea, mikondo iyo hiyo huisukuma ndege kutoka nyuma.

Athari yake yaweza kuonyeshwa kwa hesabu rahisi. Ndege iendayo kilomita 900 kwa saa katika hewa tulivu ingemaliza kilomita 11,840 kwa saa 13 na dakika 9. Ikipingwa na upepo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa njia nzima, kasi yake juu ya ardhi itashuka hadi 840 na safari itachukua saa 14 na dakika 6. Ikisukumwa na upepo huo huo, kasi itapanda hadi 960 na safari itachukua saa 12 na dakika 20. Ukiujumlisha muda wa kwenda na kurudi, utapata saa 26 na dakika 26, ilhali katika hewa tulivu jumla ingekuwa saa 26 na dakika 19. Kwa hiyo, upepo haurudishi kwa ukamilifu kile ulichokichukua, kwa kuwa ndege hukaa muda mrefu zaidi katika kupingwa kuliko katika kusukumwa.

Haya si mageni kwa wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi yalifika Lamu, Mombasa na Unguja yakisukumwa na kaskazi, upepo uvumao takriban kati ya Desemba na Machi. Yalirejea kwa kusi, ambao huanza kuvuma Aprili au Mei. Umbali kutoka Maskati hadi Mombasa ulikuwa ule ule mwaka mzima, lakini nahodha aliyekosa msimu hakuhesabu siku bali miezi. Pepo hizo zilikita mizizi katika lugha yenyewe: kaskazini ni upande ambako kaskazi hutokea, na kusini ni upande ambako kusi hutokea.

Isitoshe, mabaharia wa Kiswahili walikuwa na istilahi ambazo mfasiri wa leo angeweza kuzitumia. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo na tezi ni sehemu ya nyuma. Upepo ukipingao chombo kutoka mbele uliitwa pepo za omo. Hakuna sababu ya kulifafanua jambo hilo hilo kwa maneno mengi pindi chombo kinapokuwa ndege. Kwa mantiki iyo hiyo, upepo usukumao kutoka nyuma waweza kuitwa pepo za tezi. Yamkini kauli fupi kwamba ndege ya kwenda New York hukabili pepo za omo na ya kurudi hubebwa na pepo za tezi ingeeleweka Lamu bila maelezo zaidi.

Muda wa Hewani na Muda wa Ratiba

Muda uliopatikana katika hesabu hapo juu ni wa hewani tu. Muda unaoandikwa kwenye ratiba huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inapoegeshwa kule iendako. Ndani yake mna dakika za kutembea ardhini hadi kwenye njia ya kurukia, kusubiri ruhusa, kupaa, kushuka na pengine kuzunguka angani kabla ya kutua. Mashirika pia huongeza akiba ya dakika ili ucheleweshaji mdogo usivuruge ratiba.

Nairobi ina ugumu wake wa kipekee. Uwanja wake uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ilhali ule wa New York uko karibu kabisa na usawa huo. Katika kimo cha Nairobi hewa ni nyepesi. Mabawa hupata mwinuko mdogo na injini hupata msukumo mdogo. Ndege iliyosheheni mafuta ya saa 15 huhitaji njia ndefu ili kupata kasi ya kupaa, na pengine hulazimika kupunguza mizigo. Joto huzidisha ugumu huo kwa kuifanya hewa iwe nyepesi zaidi. Kwa hivyo, kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, kuna manufaa. Safari ya kwenda hivyo basi inabeba mizigo miwili: kimo cha uwanja na pepo za omo.

Saa za Nairobi na Saa za New York

Kenya iko mbele ya saa ya kimataifa ya UTC kwa saa 3 mwaka mzima. New York iko nyuma yake kwa saa 5 katika majira ya baridi, na kwa saa 4 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao mbele wakati huo. Tofauti baina ya miji hii miwili basi ni saa 8 au saa 7, kulingana na tarehe.

Kanuni ya kupata muda halisi ni moja: nyakati zote mbili zigeuzwe kwanza ziwe za mahali pamoja, ndipo zitolewe. Katika mfano wa Januari, saa 12:25 asubuhi ya New York ni saa 8:25 mchana wa Nairobi. Kutoka saa 5:25 usiku hadi saa 8:25 mchana ni saa 15 kamili. Kwa kurudi, saa 6:25 mchana ya New York ni saa 2:25 usiku wa Nairobi, na kutoka hapo hadi saa 4:55 asubuhi ni saa 14 na nusu.

Kuna njia ya kuhakikisha hesabu. Saa 7 za uongo za kwenda ukizijumlisha na saa 22 na nusu za uongo za kurudi, utapata saa 29 na nusu. Saa 15 na saa 14 na nusu za kweli nazo hutoa jumla iyo hiyo. Kile ambacho tofauti ya saa humfichia msafiri anapokwenda, humrudishia chote anaporejea.

Saa ya Kiswahili Ugenini

Tatizo lililosalia ni la lugha. Saa ya Kiswahili huhesabiwa kutoka macheo na machweo. Karibu na ikweta mpango huu unaafikiana na maumbile, kwani jua la Nairobi huchomoza na kutua karibu wakati ule ule mwaka mzima. New York sivyo. Mwishoni mwa Juni jua hutua huko karibu saa 2:30 usiku, na katikati ya Desemba hutua karibu saa 10:30 jioni. Msemaji wa Kiswahili aliyeko huko hujikuta akisema "saa mbili usiku" huku jua likimwangaza usoni.

Kosa la kawaida zaidi ni kuichukua tarakimu ya Kiingereza na kuisoma kwa Kiswahili. Tiketi iliyoandikwa 11:25 usiku kwa mfumo wa Kiingereza si saa kumi na moja na dakika ishirini na tano bali saa tano na dakika ishirini na tano. Kosa hilo ni la saa 6, nalo latosha kumkosesha mtu safari. Njia salama ni mfasiri kuandika saa ya Kiswahili pamoja na tarakimu za mfumo wa saa 24, kwa mfano saa 5:25 usiku (23:25), na kutaja mji ambao saa hiyo ni yake.

Aidha, kuna utata wa siku. Katika kalenda rasmi siku huanza saa sita usiku, lakini katika utamaduni wa Waswahili usiku hutangulia mchana wake; usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Ndege iondokayo Ijumaa saa 5:25 usiku ikitangazwa kuwa ya "usiku wa Ijumaa", Mswahili anayefuata desturi atafika uwanjani siku moja kabla. Ikiwa ndege inaondoka Ijumaa saa 6:30 usiku (00:30), yeye atafika kwa wakati, na atakayeachwa ni yule anayeungoja usiku wa baada ya Ijumaa mchana. Lugha ina dawa yake: usiku wa kuamkia. Ndege ya kwanza ni ya usiku wa kuamkia Jumamosi; ya pili ni ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Kauli hiyo haiachi shaka kwa yeyote.

Hitimisho

Imebainika kwamba umbali baina ya Nairobi na New York ni mmoja, nao hupimwa juu ya tufe wala si juu ya karatasi. Muda wa safari hutegemea pepo, kimo cha uwanja, njia iliyofuatwa na mipango ya ratiba. Ndiyo maana kwenda hakulingani na kurudi. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi nazo si muda wa safari mpaka zitakapogeuzwa kuwa za mahali pamoja.

Imebainika pia kwamba Kiswahili kina hazina ya kuyaeleza haya, toka pepo za omo hadi usiku wa kuamkia. Hazina hiyo ilikusanywa na mabaharia na wasafiri waliolazimika kuwa sahihi kwa kuwa kosa lao lilikuwa na gharama. Wanafunzi wa tafsiri hawana budi kuirithi kwa uangalifu ule ule. Atakayesoma ratiba waliyoitafsiri ataitegemea kufungasha mizigo, kuaga jamaa na kuondoka nyumbani kwa wakati.